Kiti Kilichokatwa Miguu

Kiti cha kinyozi yule kilikuwa kifupi kuliko viti vyote vya vinyozi mjini, na kila aliyekikalia alikuwa na la kusema. "Hapa mtu ananyolewa huku anapiga soga na magoti yake," walisema wateja warefu. Mmoja aliwahi kuuliza kama kiti kiliibwa shule ya chekechea. Kinyozi alikuwa na jibu moja kwa wote, akikung'uta shuka la kunyolea: "Kaa chini, bwana. Umeniletea kichwa, hukuniletea magoti." Alilisema hilo "kaa chini" mara nyingi mpaka likawa jina lake. Mtaa mzima ulimwita Kaachini, watoto kwa watu wazima, na mkewe pia siku akiwa amemkasirikia.

Kiti chenyewe kilianza maisha kikiwa kirefu. Kilikuwa cha chuma, kimevikwa ngozi ya bandia nyekundu, na siku kilipoletwa, Kaachini alikikalia yeye kwanza, akajitazama kwenye kioo kama mteja. Miaka michache baadaye alikibeba hadi kwa mchomeleaji aliyefanya kazi upande wa pili wa ukuta wa mabati, akamwomba apunguze miguu kwa upana wa vidole vinne. Mchomeleaji alidhani anataniwa. Kisha Kaachini akaja tena. Kisha tena. Kiti kiliposhuka, wateja wakawa wanaona paji la uso tu, kwa hiyo kioo nacho kikashushwa. Rafu ya poda ikafuata kioo. Mwishowe hata soketi ya umeme ikahamishwa, ikawa karibu na sakafu. Duka zima lilikuwa likiteremka taratibu, kama maji kwenye pipa lenye tundu ambalo hakuna aliyeliona.

"Jirani," mchomeleaji alimwambia mara ya mwisho, akipuliza vumbi la chuma, "ukiendelea hivi utachimba shimo. Mteja aingie ndani, kichwa kibaki juu ya sakafu kama kabichi shambani."

"Nikianza kuchimba utanikopesha koleo."

"Na yote haya ni kwa sababu ya bega lako tu?"

"Bega la kazi."

Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake, na yalimtosha. Mtu anayeshinda mikono juu mwaka nenda mwaka rudi, mabega lazima yachoke kabla yake. Fundi aliyemfundisha kunyoa alistaafu akiwa hawezi kujivika shati. Vinyozi wenzake wa rika lake, wakikutana, walisalimiana kwa kuulizana mabega. Kaachini alilitaja bega lake kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha kovu alilolipata vitani. Alikwisha jifunza namna ya kuishi nalo. Mkono wa kushoto uliushika wa kulia chini ya kiwiko na kuupandisha mpaka kichwani kwa mteja, halafu kifundo cha mkono kikapumzika pale utosini. Ukishafika, ulikuwa bado mkono wa fundi, haukutetemeka, haukuruka nywele hata moja. Taabu ilikuwa safari ya kufika.

Nje ya duka, chini ya kipande cha bati kilichokingia jua, binti yake alisuka nywele. Alikuwa mtoto wao pekee, ana miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari kwa matokeo yasiyompeleka popote, na alikuwa na vidole vyepesi ajabu. Alipoanza kazi baba yake alimtengenezea kiti kirefu cha chuma, kipya, kwa sababu wateja wa siku hizi hawataki tena kukaa mkekani kusukwa. Akiwa ndani ananyoa, Kaachini alimsikia binti akipiga porojo na wateja wake, na alipenda sana kumsikia akicheka. Kicheko chake kilikuwa cha upande. Midomo ilipanda kulia tu, kushoto ikabaki imetulia, ikamfanya aonekane kama mtu anayejua siri ya mtu.

Kicheko hicho kilikuwa cha bibi yake mzaa baba. Ukoo huo ulikuwa na mambo yake, na mke wa Kaachini, aliyeolewa kutoka familia ya watu wenye kelele, hakuchoka kuyahesabu. Hawakujua kupiga mluzi, hata mmoja wao. "Ndiyo maana kwenu hamkufuga mbwa," alisema. "Mngemwitaje?" Hawakuweza kujaza puto. Soda ya mrija kwao ilikuwa kazi ya nusu saa. Na yule bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akilala macho nusu wazi, weupe unaonekana, mpaka wajukuu wa majirani wakamwita Mlinzi. Watu walisema mwizi hawezi kuingia nyumba ile. Binti alipokuwa mchanga mama yake alimkuta kitandani amelala vivyo hivyo, akapiga ukelele. Kaachini alicheka mpaka akakaa chini. "Amechukua kwa mama," alisema, na moyo ulimjaa furaha.

Kilichompeleka hospitali ni wembe. Alikuwa akimalizia shingo ya mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, mkono ukashuka wenyewe. Haukuteleza wala hakugutuka. Ulishuka tu, kama pazia lililofunguka ndoano, na wembe ukapita chini ya sikio. Damu haikuwa nyingi. Mwalimu alishika kitambaa akasema hata hakusikia maumivu, mambo ya kawaida hayo, akaondoka akiwa mpole kuliko siku zote. Hakurudi tena. Jioni Kaachini alimsimulia mkewe kama kichekesho, na mkewe hakucheka.

"Kesho hospitali."

"Kwa ajili ya bega? Nitapakwa dawa ya kuchua nirudi."

"Upakwe, ukandwe, ukaangwe, mimi sijui. Leo ni sikio. Kesho itakuwa koo la mtu, na mimi niwe nakuletea chakula jela. Kesho, Kaachini."

Alipomwita hivyo hakukuwa na rufaa.

Daktari wa misuli alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyemtazama muda mrefu kabla ya kumgusa. Alimtaka avue shati, ainue mikono pembeni, na mikono ikakwama usawa wa mabega. Alimtaka asukume ukuta. Hapo daktari alimwita mkewe aje aone, na mke akaziba mdomo, kwa maana makombe ya mabega yalikuwa yamesimama mgongoni kama vifuniko viwili vya sufuria vilivyosukumwa na mvuke. La kulia lilikuwa limetoka zaidi.

"Miaka yote hii sijawahi kukuona ukisukuma ukuta," mke alisema, kama mtu anayejitetea.

"Fumba macho, baba, kwa nguvu, kama sabuni imeingia," daktari alisema. Akayatazama. "Piga mluzi."

"Mluzi?"

"Jaribu."

Ilitoka pumzi tu. Mkewe alitazama sakafu.

"Katika ukoo wenu," daktari aliuliza, "kuna mtu mwingine mwenye udhaifu wa mabega? Au uso usiochangamka, macho yasiyofumba vizuri akilala?"

Kinyozi alikuwa na jibu mdomoni. Alimwona mama yake kitandani, mkono umetupwa juu ya kifua, weupe wa jicho chini ya kope. Kisha akamwona mwingine, kitanda kingine, na jibu likageuka lenyewe.

"Hakuna, daktari. Kwetu ni wazima. Hii ni kazi tu."

Alihisi mkewe akigeuza kichwa kumtazama. Mke ni mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na desturi ya kutomwaibisha mumewe mbele ya wageni, na siku hiyo desturi hiyo ilimponza.

Daktari aliandika, akaweka kalamu. "Tutapiga picha ya misuli. Kwa mashine ya MRI, ile ya sumaku. Mwili mzima, kuanzia mabega hadi miguu."

"Miguu ya nini, daktari? Mimi sinyoi kwa miguu."

Daktari alitabasamu kidogo. "Ndiyo maana hasa. Kazi ikikuumiza, inakuumiza pale inapokugusa. Ugonjwa wa kurithi hauangalii kazi yako. Una namna yake ya kuchagua msuli huu na kuuacha ule, na mara nyingi unakuwa umeanza mahali ambapo mwenyewe hujagundua. Miguu yako ikiwa safi, nitaanza kukuamini kwamba ni kazi."

"Na isipokuwa safi?"

"Basi nitakuuliza tena habari za ukoo wenu. Una watoto?"

"Mmoja. Binti. Mzima kabisa."

Tangu hapo Kaachini alikuwa na mapatano moyoni mwake, ingawa hakujua alipatana na nani. Mabega aliyatoa. Yachukuliwe yote mawili, na mikono ikibidi. Miguu iwe safi. Miguu ikiwa safi ni kazi, na kama ni kazi inaanza kwake na kuishia kwake.

Njiani mkewe alisema kitu kimoja tu. "Mama yako alilala macho wazi."

"Mama yangu alikuwa hana usingizi mzuri."

"Sawa," alisema mke, na lile sawa lilikaa kati yao siku nyingi.

Siku ya picha, mpiga picha, kijana mnene mchangamfu, alimwambia atoe chuma chochote alicho nacho. Saa, funguo, mkanda. Kaachini alitoa vyote, na mwisho akakumbuka mfuko wa shati, akatoa wembe uliofungwa kwenye karatasi yake.

"Ala! Mzee unataka mashine ikunyoe?"

"Nimesahau. Natembea nao miaka yote."

"Ungeingia nao humo, sumaku ingeurusha ukatunyoa sote. Lala chali. Usijitikise, hasa miguu. Ukijitikisa picha inakuwa ukungu."

Mashine ilikuwa tundu refu lenye kelele kuliko karakana ya jirani yake. Iligonga, ikakereza, ikanyamaza, ikagonga tena kwa mdundo mwingine. Mwanzo ilipiga picha mabega, akalala bila wasiwasi, kwa sababu mabega alikwisha yatoa. Kitanda kilipomsogeza na sauti ya mpiga picha ikasema kwenye spika, "Sasa tunashuka miguuni," aliyakumbuka mapatano yake. Alilala kimya kuliko maiti. Ilimjia fikra ya kujitikisa, kidogo tu, picha iwe ukungu, mtu asione chochote. Hakujitikisa. Mtu mwenye miguu safi hana sababu ya kujitikisa.

Siku za kungoja majibu alikuwa mtu wa ajabu dukani. Alitembea bila kutumwa, huku na huku, akisikiliza miguu yake. Alipanda kizingiti, akashuka, akapanda. Mteja alimuuliza kama amepoteza kitu. Wakati mmoja alivua viatu kupumzika, akaona ncha ya kiatu cha kulia imelika mbele, soli imekuwa nyembamba kama karatasi, ilhali cha kushoto kizima. Alikumbuka namna alivyokuwa akijikwaa kwenye mkeka wa mlangoni, na binti akimtania, "Baba, mkeka umekukosea nini leo?" Alikisukuma kiatu chini ya rafu. Viatu vya mtumba, alijiambia. Nani anajua aliyevivaa kwanza alitembeaje.

Na alimtazama binti. Hakutaka, lakini macho yalikwenda yenyewe kupitia mlango. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mteja kwenye kile kiti kirefu, anasuka, anaongea, anaongea. Kila baada ya muda alishusha mikono yote miwili, akaikung'uta kama mtu anayekausha maji, akaendelea. Wasusi wote hufanya hivyo, Kaachini alijiambia. Halafu akageuza uso kwa kichwa kilichokuwa mbele yake, na mteja akalalamika kwamba ananyolewa sehemu moja tu.

Siku ya majibu alikwenda peke yake. Mkewe alitaka kufuatana naye. Alimwambia ni jambo la dakika tu. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili waone wote wawili.

"Hizi ni picha za mwili wako kama mkate uliokatwa vipande," alisema. "Palipo na rangi ya kijivu ni msuli. Palipo peupe ni mafuta. Msuli ukifa, mwili hauachi tundu, unajaza mafuta mahali pake. Kwa nje ngozi inaonekana vilevile, ndiyo maana mtu hajui."

Mabega yalikuwa meupe. Aliyatarajia, hata hivyo yalimshtua. Ni kama kurudi nyumbani ukakuta vyombo vimehamishwa. Daktari aliweka kidole kwenye kipande kimoja cha kijivu kilichobaki katikati ya weupe, safi, chenye mipaka yake.

"Unaona hii misuli midogo iliyolala juu ya kombe la bega? Hii ndiyo inayopata shida kwa watu wanaoshinda mikono juu. Wapaka rangi, mafundi umeme, vinyozi. Kama ingekuwa kazi, hii ndiyo ingekuwa imeumia kwanza." Aligonga kioo kwa kidole. "Hii ni mizima. Kazi yako haijakukosea, baba."

Miaka yote alikuwa ameisingizia. Kaachini aliitazama ile misuli midogo na akahisi, kwa namna isiyo na maana, kwamba anadaiwa kuiomba radhi.

"Onyesha miguu," alisema.

Daktari alishuka. Mapaja mbele yalikuwa kijivu, mazuri, na Kaachini alivuta pumzi. Nyuma ya paja la kulia palikuwa na doa jeupe lenye umbo la jani. Kisha magoti, kisha chini ya magoti, duara mbili upande kwa upande, mguu na mguu. Wa kushoto ulikuwa kijivu karibu wote. Wa kulia, mbele, kando ya ugoko, palikuwa peupe pe. Na nyuma, shavu la mguu lilikuwa limegawanyika, nusu ya nje msuli, nusu ya ndani mafuta, kama chungwa lililooza upande.

"Hiyo si miguu yangu."

"Ni yako."

"Wameichanganya na ya mtu mwingine. Yule kijana anaongea sana, anaweza kuchanganya."

"Msuli huu mbele ya ugoko ndio unaoinua wayo ukitembea," daktari alisema, bila kupandisha sauti. "Unajikwaa? Mguu wa kulia?"

Alifikiria kiatu kilichokuwa chini ya rafu.

Daktari alimweleza kwamba picha peke yake haitoi hukumu. Inaonyesha tu mlango wa kugonga. Magonjwa ya misuli ya kurithi ni mengi, na kuyapima yote kwenye damu ni kama kutafuta nyumba ya mtu mjini bila kujua hata mtaa. Picha imewapa mtaa. Mabega namna hii, uso namna hii, mguu mmoja zaidi ya mwingine. Damu itapelekwa maabara kutafuta ugonjwa mmoja, si mia. Ulikuwa na jina refu lililotaja uso, kombe la bega na mkono wa juu. Jina lenyewe halikutaja miguu, daktari alisema, lakini miguu imo. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Unakwenda polepole, wengi huishi umri wao. Kwa kila mtoto wa mgonjwa, uwezekano wa kuurithi ni nusu kwa nusu.

"Nusu," Kaachini alirudia.

"Nilisema nitakuuliza tena."

Basi akasema. Alisema habari za mama yake aliyelala macho wazi, na mjomba aliyekuwa akitupa mkono mezani kwa kuubembeza kama mfuko. Alisema habari za mluzi, puto na mrija, vichekesho vyote vya nyumbani kwao, kimoja baada ya kingine, na hapo ofisini havikuchekesha. Daktari hakumkemea. Aliandika tu.

"Na binti yako? Analala vipi?"

Kaachini alitazama ile duara yenye upande mmoja mweupe.

"Ana miaka kumi na tisa," alisema. "Hana lalamiko lolote."

"Basi ni mtu mzima. Kupimwa au kutopimwa ni uamuzi wake, si wako wala wangu. Akitaka, tunaweza kuanza na ultrasaundi tu, kile kifaa cha kupitisha juu ya ngozi, hakiumi. Lakini hawezi kuamua jambo asilolijua. Mwambie."

Alirudi kwa miguu, na njia nzima aliuona mguu wa kulia. Ulikuwa ukiburura. Pengine ulikuwa ukiburura miaka mitano, na leo ndipo aliposikia ule mkwaruzo mdogo barabarani nyuma ya kila hatua. Alipanga maneno. Angeanza na bibi, kwa mzaha, kisha aingie polepole. Angesema ni nusu tu. Angesema nusu ni sawa na hakuna. Aliyapanga na kuyapangua, mpaka akafika kwenye karakana ya mchomeleaji, na mchomeleaji akamwita kwa kicheko, akiinua kitu kwa mkono mmoja.

"Jirani! Kwani ugonjwa wako unaambukiza?"

Kilikuwa kiti cha chuma, kile kipya, cha binti. Miguu ilikuwa imekatwa, ncha bado zinang'aa.

"Nani amekuambia ukikate?"

"Ah! Binti yako kakileta asubuhi, ulipotoka tu. Kasema umemtuma. Kasema vidole vinne kwanza, halafu ataona." Mchomeleaji aliacha kucheka. "Hukumtuma?"

Kaachini alikichukua kiti. Alikuwa hawezi tena kukibeba begani, akakikumbatia tumboni. "Nilimtuma," alisema.

Binti alikuwa peke yake chini ya bati, anachambua nywele za bandia. Alikiona kiti mikononi mwa baba yake, akasimama haraka.

"Baba, nilitaka kukuambia."

"Tangu lini?"

"Si muda mrefu. Kama mwaka. Mkono huu wa kulia." Alicheka kwa upande wake. "Bega la kazi. Nimelipata mapema kuliko wewe, nimekushinda."

"Umeanza kusuka juzijuzi tu."

"Ndiyo. Nami nilishangaa."

Maneno aliyoyapanga hayakubaki hata moja. Aliweka kiti chini kati yao, na kwa kuwa hakuweza kumtazama usoni, alimwambia akitazama zile ncha za chuma. Alimwambia kwamba si kazi. Alimwambia picha zilivyokuwa, weupe na kijivu, na mguu ambao hakuutarajia. Alitaja bibi bila mzaha. Alisema nusu, na hakusema kwamba nusu ni sawa na hakuna. Alimweleza kile kifaa cha kupitisha juu ya ngozi. Alisema kwamba daktari alipomuuliza mara ya kwanza, alikataa, na alikataa kwa ajili yake yeye, mwanawe.

Binti alisikiliza huku vidole vikiendelea kuchambua nywele, uzi kwa uzi, bila haraka.

"Kwa hiyo hata nikiacha kusuka," alisema mwishowe, "haliponi."

"Haliponi."

"Nilikuwa nimepanga kuacha. Nilidhani nikiacha litapona."

Karakana upande wa pili ilikuwa kimya. Mchomeleaji alikuwa amezima mashine, na Kaachini alijua kwamba ukuta wa mabati haufichi kitu.

"Hicho kipimo cha kupitisha juu ya ngozi," binti alisema. "Huyo daktari, akiona peupe, ataniambia ukweli?"

"Atakuambia. Ana sauti ya pole lakini hasemi uongo."

"Sawa." Akafuta viganja kwenye gauni. "Sijui kama nataka kujua, baba. Ngoja kwanza. Usimwambie mama leo."

"Mama yako anajua. Alijua kabla yangu."

Alitaka kuongeza neno, lolote, lakini mteja alikuwa ameshaingia chini ya bati, mwanamke mmoja wa mtaani na nywele zake za bandia kwenye mfuko, anaulizia foleni. Hapakuwa na foleni. Mwanamke alikitazama kile kiti, akakizunguka.

"Hiki nacho kimepatwa na nini? Mbona kimezama?"

Binti alikisogeza kwa mguu, akakipangusa vumbi kwa shuka. Uso wake haukubadilika, lakini uso wa ukoo ule haukuwa mwepesi kubadilika.

"Kaa chini, dada," alisema. "Umeniletea kichwa, hukuniletea magoti."

Mwanamke alicheka, akakaa. Binti aliushika mkono wa kulia chini ya kiwiko, akaupandisha.

Kaachini aliingia ndani ya duka. Hapakuwa na mteja. Alichukua mashine ya kunyolea, akaiwasha, akasimama nayo mkononi ikinguruma juu ya kiti kitupu, ili wa nje wasimsikie.